Kumbukumbu za mgonjwa: Karatasi hubadilika, amana haibadiliki



Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumependelea tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni la makarani na mafundi wa kompyuta peke yao, ilhali linagusa uhai wa kila mmoja wetu na sitara ya kila nyumba. Jambo lenyewe ni kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa zilizoandikwa kwa mkono na kuziingiza katika kompyuta.

Sote tunaijua masijala ya hospitali: rafu zilizoinama kwa uzito wa mafaili, kadi zilizofifia wino, na karani anayepekua huku foleni ikirefuka dirishani. Tunalijua pia lile daftari la shule ambalo mgonjwa hulinunua dukani na kwenda nalo zahanati, ili daktari apate pahala pa kuandika. Daftari likilowa mvua, likipotea njiani au likichanwa na watoto, historia ya maradhi ya mtu huondoka nalo. Ziara ya pili mgonjwa huulizwa upya maswali yale yale, naye hujibu kwa anayoyakumbuka. Mzee hakumbuki jina la kidonge alichopewa mwaka juzi. Mama aliye katika uchungu wa uzazi hana nafasi ya kueleza kwamba uzazi uliotangulia alivuja damu nyingi. Karatasi ndiyo iliyotakiwa imsemee, nayo haipo.

Hatari ya mwandiko

Hata inapokuwepo, karatasi haisomeki sikuzote. Mwandiko wa matabibu umekuwa mzaha wa watu kwa miaka mingi, lakini ndani ya mzaha huo mna misiba. Herufi U, iliyozoeleka kuwa kifupisho cha kipimo cha insulini, ikiandikwa karibu mno na tarakimu 4 husomeka kama sifuri, na vipimo 4 vikawa 40. Nukta ya desimali isipoonekana, 5.0 huwa 50. Kwa sababu hiyo, bodi inayokagua ubora wa hospitali nchini Marekani ilitoa mwaka 2004 orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa kuandikwa, na herufi hiyo ni mojawapo. Huko huko Marekani, ripoti ya Taasisi ya Tiba iliyotoka mwaka 1999 ilikadiria kwamba makosa ya kitabibu ya kila aina, yakiwemo ya dawa, yalikuwa yakiua watu baina ya 44,000 na 98,000 kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo.

Wanazuoni wetu waliijua balaa hii zamani. Katika elimu ya hadithi kuna mlango uitwao tas-hif, yaani kulisoma neno kinyume cha lilivyo kwa sababu ya nukta au umbo la herufi. Abu Ahmad al-Askari, aliyefariki mwaka 382 Hijria, alitunga kitabu kizima juu ya makosa ya namna hiyo katika mapokezi ya hadithi. Waliona kwamba nukta moja ikihama, maana huhama nayo. Basi ikiwa nukta moja yaweza kuharibu maneno, yaweza pia kuharibu mwili.

Kuandika maradhi nako si jambo geni. Abu Bakr al-Razi, tabibu mashuhuri wa Rayy na Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10 Miladia, aliacha maandiko mengi juu ya wagonjwa wake: walilalamikia nini, aliwatibu vipi, na mwisho wao ulikuwaje. Wanafunzi wake waliyakusanya baada yake. Zama za karibu, mwaka 1907, Dkt. Henry Plummer wa hospitali ya Mayo huko Marekani alianzisha utaratibu wa kumpa kila mgonjwa nambari moja na faili moja, badala ya kila daktari kuwa na buku lake. Faili tulilolizoea leo limetokana na fikra hiyo. Kompyuta imekuja kuiendeleza, kwani nambari ni ile ile na faili ni lile lile, isipokuwa sasa laweza kufunguliwa kwa pamoja maabara, dukani kwa dawa na chumbani kwa daktari.

Funzo la Mosoriot

Huenda msomaji akadhani mambo haya ni ya Ulaya na Marekani. Sivyo. Mojawapo ya mifano inayosimuliwa sana duniani imetoka hapa kwetu Afrika Mashariki, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kilomita takriban 25 kusini ya Eldoret nchini Kenya. Mwaka 2001, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha hapo mfumo wa kumbukumbu za kompyuta kwa wagonjwa wa nje.

Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Mgonjwa alifika kwa karani, akasajiliwa katika kompyuta, akachapiwa fomu ya karatasi. Fomu hiyo alikwenda nayo kwa tabibu, maabara na dirisha la dawa, na kila mmoja aliandika sehemu yake kwa kalamu. Wakati wa kuondoka, fomu ilirejea kwa karani, naye akayaingiza yaliyoandikwa katika kompyuta. Hawakumlazimisha tabibu kuacha kalamu siku moja. Waliacha karatasi ifanye kazi inayoiweza, na kompyuta ifanye yake.

Watafiti walipima muda kabla na baada ya mfumo huo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22, na muda wa kusubiri ulipungua kwa asilimia 38. Hayo ni mema. Lakini takwimu zile zile zilionesha kwamba muda ambao mgonjwa alikaa na mtoa huduma ulipungua kwa asilimia 58. Tuisome mara mbili nambari hiyo. Foleni imepungua, na mazungumzo nayo yamepungua. Mashine ilikomboa muda, lakini haikuamua wenyewe muda huo upelekwe wapi. Uamuzi huo ni wa watu na wa viongozi wa hospitali. Saa iliyookolewa masijalani isiporudishwa kwa mgonjwa kama saa ya kumsikiliza, faida yake ni nusu.

Mti uliopandwa Mosoriot haukukauka. Maradhi ya ukimwi yalipozidi, fikra hiyo ilipanuliwa katika zahanati za ukanda wa Eldoret, na mwaka 2004 wataalamu walianza kutengeneza programu iitwayo OpenMRS, ambayo yeyote huruhusiwa kuitumia na kuirekebisha bila malipo. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret, na mwaka huo huo ikatumika Rwinkwavu nchini Rwanda. Leo inatumika katika nchi nyingi. Utafiti mwingine wa Eldoret, uliochapishwa mwaka 2013, ulihusu watoto wanaotibiwa virusi vya ukimwi. Pale kompyuta ilipomchapishia tabibu ukumbusho wa vipimo na huduma zilizopitiliza muda wake, asilimia 68 ya mambo hayo yalitekelezwa. Pale ambapo hapakuwa na ukumbusho, yaliyotekelezwa yalikuwa asilimia 18. Tofauti hiyo ni watoto wa watu, waliopimwa kwa wakati kwa sababu kumbukumbu zao zilihifadhiwa zikasomeka.

Kunakili ni kazi ya uaminifu

Hata hivyo, tusidhani kwamba kosa la karatasi likiingia katika kompyuta hugeuka kuwa kweli. Linakuwa kosa lililoandikwa kwa herufi nzuri, na ubaya wake huzidi kwa kuwa watu huliamini zaidi. Mwandiko mbaya humfanya mfamasia asite na kuuliza. Herufi safi za kompyuta hazimsitishi mtu.

Hapa pia wanazuoni wa hadithi wametuachia hazina. Mwanafunzi akinakili kitabu, nakala yake haikutegemewa mpaka ailinganishe na asili, kazi waliyoiita muqabala. Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, ameeleza adabu zake katika utangulizi wake mashuhuri wa elimu ya hadithi. Baina ya hadithi na hadithi mwandishi huchora duara. Duara likiwa tupu, msomaji anajua kwamba maneno yale hayajalinganishwa bado. Yakishalinganishwa, hutiwa nukta ndani yake. Angalieni uaminifu huo! Msomaji hakuachwa akidhani kwamba kila kilichoandikwa kimethibitishwa.

Hospitali zinazohamisha mafaili zinahitaji duara na nukta zao. Njia moja ni makarani wawili kuingiza fomu ile ile, kila mmoja peke yake, kisha kompyuta ikaonesha walipohitilafiana. Njia nyingine ni kuchukua mafaili machache kila siku bila kuyachagua, na kuyalinganisha neno kwa neno na karatasi zake. Ya tatu ni kuipiga picha karatasi ya asili na kuiambatanisha na maandishi mapya, ili mwenye shaka aitazame. Na karatasi isichomwe kabla ya nakala kuthibitishwa na kabla ya muda unaotakiwa na sheria kwisha.

Siku hizi zimetokea programu zinazosoma mwandiko wa mkono zenyewe. Ni msaada mkubwa, lakini zina tabia moja ya hatari: zikishindwa kusoma, aghalabu hazinyamazi, bali hukisia, na kisio lao huonekana sawa na hakika. Karani mwaminifu huandika kwamba hapasomeki. Kwa hiyo mwanadamu mwenye elimu ya dawa hana budi abaki mwisho wa mstari, na pasiposomeka pasemwe hivyo.

Tena si lazima kila karatasi ihamishwe neno kwa neno. Penye mafaili elfu nyingi, busara ni kuanza na wagonjwa wanaoendelea kutibiwa, na kuanza na yale yanayookoa uhai: dawa zinazomdhuru, maradhi ya kudumu, dawa anazotumia, upasuaji aliofanyiwa, chanjo na historia ya uzazi. Mengine yapigwe picha yakae. Uingereza ilianzisha mwaka 2002 mpango mkubwa wa kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa wa nchi nzima, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja baada ya mabilioni ya pauni kutumika. Miongoni mwa lawama zilizotolewa ni kwamba mambo yaliamuliwa juu, bila ya kuwasikiliza vya kutosha matabibu wa chini. Mosoriot walianza na kituo kimoja, wakajifunza, kisha wakapanua.

Fatma Ali ni yupi?

Tatizo la pili ni majina. Katika miji yetu ya pwani, ukiita Fatma Ali au Mohamed Salim barazani, huenda wakainuka watatu. Karani mmoja huandika Fatma, wa pili Fatuma, wa tatu Fatima. Mohamed ana tahajia tano. Kompyuta haijui kuwa hao ni mmoja, nayo humfungulia kila tahajia faili lake. Au kinyume chake, huwaunganisha watu wawili wakawa mmoja, na maradhi ya huyu yakaandikiwa yule.

Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, alitunga kitabu juu ya wapokezi waliofanana majina na kutofautiana nafsi zao, akawapambanua kwa babu, mji, mwalimu na zama. Hospitali hupambanua kwa nambari ya mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, mtaa na simu. Lakini mapambanuzi hayo hufaa tu iwapo sisi wenyewe tunasema jambo moja kila mara.

Wapo akina mama walioolewa ambao kliniki ya mwanzo waliandikishwa kwa jina la baba, na ya pili kwa jina la mume. Dini yetu imemwachia mwanamke nasaba ya baba yake hata baada ya ndoa, na hapa hukumu hiyo inaleta maslahi ya wazi ya kitabibu: jina moja, faili moja, tangu utoto hadi uzee.

Hatari kubwa zaidi ni kuazimana kadi za bima ya afya. Ndugu huumwa, hana bima, nasi kwa huruma humpa kadi ya dada yake. Tunasema tumemsaidia, ilhali tumefanya mawili. Kwanza, tumechukua haki kwa jina lisilo letu, na hilo ni udanganyifu. Pili, tumeandika maradhi, dawa na pengine kundi la damu la mtu mmoja katika faili la mwingine. Zamani kosa hilo lilibaki katika faili la hospitali moja. Katika kompyuta litamfuata mwenye kadi kila aendako, na siku atakapofikishwa akiwa hana fahamu, daktari atasoma habari za mtu mwingine. Huruma ya namna hiyo inaweza kumwua tunayempenda.

Siri ya mgonjwa

Karatasi iliyo rafuni huonwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kumbukumbu iliyo katika kompyuta yaweza kuonwa na wengi, na kuibiwa kwa wingi. Nchini Finland, mwaka 2020, wezi waliokwishaiba kumbukumbu za kituo cha tiba ya nafsi kiitwacho Vastaamo, zinazohusu wagonjwa wapatao 33,000, waliwaandikia wagonjwa wakiwadai fedha ili siri zao zisitangazwe. Nchini Ireland, Mei 2021, wahalifu walifunga kwa nguvu kompyuta za huduma ya afya ya taifa, na hospitali zikarejea kwenye kalamu na karatasi. Kwa hiyo hospitali yenye busara haisahau kuandika kwa mkono, na huhifadhi nakala ya kumbukumbu zake pahala pengine.

Si wezi peke yao wanaohofiwa. Nchini Kenya, mwaka 2015, yalitolewa maagizo ya kukusanya habari za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi. Shauri lilifikishwa Mahakama Kuu, na mwaka 2016 mahakama ikaamua kwamba agizo lile lilikiuka haki ya faragha, ikataka majina yasifungamanishwe na hali za afya. Nia ya kupanga huduma yaweza kuwa njema, lakini njia yake nayo yapasa iwe njema.

Sheria sasa zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Sheria hizi zinahesabu habari za afya kuwa nyeti, na zinampa mtu haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake na kutaka kosa lisahihishwe.

Lakini sheria haisimami nyuma ya kila karani. Mfumo mzuri huandika nani amefungua faili la nani na saa ngapi. Nywila inayoazimwa na wauguzi watano huifuta kinga hiyo, kwa kuwa hatujui tena aliyefungua ni nani. Kwetu sisi, anayelitazama faili la jirani kwa udadisi, kisha akanong'ona nyumbani kuwa binti wa fulani ana jambo fulani, amekusanya makosa mawili, upelelezi na usengenyaji, hata kama aliyoyasema ni kweli. Usengenyaji ndio kusema la kweli ambalo mwenyewe angelichukia.

Wajibu wa kila nyumba

Ndugu wasomaji, Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, dogo au kubwa, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Ikiwa mali imehifadhiwa hivyo, uhai una haki zaidi ya kuandikwa vyema. Basi tufanye haya katika nyumba zetu.

Tuchague tahajia moja ya jina la kila mtoto, iliyo katika cheti cha kuzaliwa, tuitumie shuleni, hospitalini na kwenye bima. Tuhifadhi kadi za kliniki za watoto na za wajawazito hata baada ya hospitali kupata kompyuta, kwani ndizo asili ya kulinganishia. Kila mwenye maradhi ya kudumu awe na karatasi ndogo yenye majina ya dawa zake na zinazomdhuru, na jamaa ajue ilipo. Tunapohudumiwa, tumwombe karani atusomee jina, tarehe ya kuzaliwa na dawa alizoandika, na tusione haya kumsahihisha. Tusiazime kadi wala tusiazimwe. Badala yake tuchangiane, kila ukoo uwakatie bima wasio na uwezo, maana huo ndio msaada usio na madhara. Na vijana wetu wanaosomea kompyuta na uuguzi wajue kwamba karani anayenakili faili la asiyemjua kwa uangalifu, hali hapana anayemtazama, yumo katika ibada akisafisha nia yake.

Nao wakuu wa hospitali tunawaomba wasihesabu mafaili yaliyohamishwa peke yake. Wahesabu pia yaliyolinganishwa, na dakika ambazo daktari amemtazama mgonjwa usoni badala ya kuitazama kompyuta. Duara tupu lisiitwe duara lenye nukta.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape matabibu na makarani wetu uangalifu na uaminifu, na atusitiri sote duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.